Mlango wa Gazi na Mafundi wa Khambhat

Wageni wanaoingia makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hukimbilia mizinga na sahani za Kichina, na wengi hupita mbele ya mlango mmoja mkubwa wa mbao bila kuutazama mara mbili. Mlango huo si wa ngome. Ulitolewa kwenye nyumba ya Mazrui huko Gazi, kijiji cha Kwale kilicho kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, ukishaipita Diani na kabla hujafika Msambweni.

Gazi ya leo inasifika kwa mikoko. Ndiko uliko mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, na ndiko kina mama walikojenga njia ya mbao ya kuwapitisha wageni katikati ya miti hiyo. Karne ya 19 ilisifika kwa mambo mengine kabisa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliwapokonya Mazrui Mombasa, akawakamata wakubwa wao kwa hila na kuwahamisha hadi Bandar Abbas. Waliosalia walitawanyika, baadhi wakaenda Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini. Hapo Gazi ndipo alipojikita Mbaruk bin Rashid, mtoto wa liwali wa mwisho wa Kimazrui wa Mombasa, mtu aliyewasumbua masultani kwa miaka mingi na hatimaye akawasumbua Waingereza. Boma lake la Mwele lilianguka Agosti 1895, mwaka uliofuata akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi ikaja kuwa shule. Hadithi za ukatili wa Mbaruk ni nyingi, na vitabu vya watalii vimezishiba, basi na tuziache huko.

Mlango ndio wenye habari hapa.

Mlango wa nakshi wa pwani una mpango wake. Pana miimo miwili, kizingiti cha juu, na mfaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya pande mbili za mlango zinapokutana. Nakshi hupanda kwa mistari inayofuatana, mmoja ndani ya mwingine. Ukingo wa nje aghalabu ni mnyororo, ndani yake majani yanayojipinda au mawimbi. Mara nyingi chini kabisa ya mwimo fundi huchonga samaki, na kutoka hapo mmea hupanda hadi juu. Katikati ya kizingiti, mahali jicho linapotua kwanza, huwekwa ua la duara, au aya ya Kurani, au jina la mwenye nyumba na mwaka.

Sasa uutazame mlango wa hekalu la Kihindu au la Kijaini lililojengwa Gujarat au Rajasthan karne ya 11. Fremu ni ya jiwe, nayo imegawanywa kwa mistari inayofuatana: mitatu, mitano, saba au tisa, kama vitabu vya ufundi vilivyoagiza. Mmoja ni wa majani, mwingine wa maua, mwingine umechongwa kama nguzo nyembamba. Chini ya miimo wamesimama walinzi, na katika mahekalu mengi ya Kihindu wapo pia miungu wa kike wa mito, Ganga na Yamuna, mmoja juu ya mnyama wa majini mwenye sura ya mamba, mwenzake juu ya kobe. Katikati ya kizingiti ameketi mungu mwenye hekalu, au kwa Wajaini, mmoja wa watakatifu wao 24 akiwa katika kutafakari. Chini, mbele ya mlango, limelazwa jiwe la nusu duara lililochongwa kwa mtindo wa ua la yungiyungi.

Viumbe wa majini chini, mmea unaopanda pembeni, mahali pa heshima katikati juu. Pwani ya Waislamu hapo pa heshima pameachiwa ua au neno la Mungu, na sanamu hakuna. Kufanana peke yake si hati ya ukoo, maana nakshi za Uajemi na Uarabuni nazo zimo ndani ya milango hii, na fundi wa Siyu au wa Lamu hakuwa mnakili wa mtu. Hata hivyo mafundi wa Kihindi walichonga milango Zanzibar karne ya 19, na mpaka leo ule mlango wa vibao vya mraba unaojikunja huitwa wa Kigujarati. Nyuma ya mafundi hao kuna uhusiano wa zamani zaidi, nao haukuandikwa kwenye mbao zinazoliwa na mchwa. Umeandikwa kwenye marumaru.

Mahekalu makubwa ya Bara Hindi yalijengwa kwa wingi kati ya karne ya 10 na ya 13. Kusini, mfalme Rajaraja wa Wachola alikamilisha hekalu la Thanjavur mwaka 1010, lenye mnara wa mita zaidi ya 60, wote kwa mawe magumu ya matale. Katikati ya nchi, wafalme wa Chandela walijaza Khajuraho mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini yaliyokaa jirani. Kubwa kuliko yote hapo, Kandariya Mahadeva, lina mnara wa mita 31 uliozungukwa na minara midogo inayouegemea, kiasi kwamba ukitazama kutoka mbali unaona safu ya milima. Hilo ndilo lililokusudiwa, kwani mnara huo, shikhara, ni mlima wa miungu, na chini yake kuna chumba kidogo chenye giza anamokaa mwenye hekalu. Nje sanamu kwa mamia, waimbaji, wapenzi, tembo, askari. Ndani giza na taa moja.

Wajaini walikwenda njia yao. Kwa nje mahekalu yao ya mlima Abu, Rajasthan, hayamvutii mpita njia: ukuta mtupu, paa la kawaida. Ukivuka mlango unakutana na marumaru nyeupe iliyochongwa hadi ikawa nyembamba mno, mwanga ukipiga unaona kivuli cha nakshi upande wa pili. Hekalu la kwanza hapo, Vimal Vasahi, lilijengwa mwaka 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme wa Gujarat. La pili, Luna Vasahi, lilikamilika mwaka 1230 kwa mali ya ndugu wawili, Vastupala na Tejapala. Kuba lake linashusha kutoka katikati ya dari ua la jiwe lenye petali tabaka kwa tabaka. Wenyeji husimulia kwamba kuelekea mwisho mafundi walilipwa kwa uzito wa unga wa marumaru waliokuwa wakiukwangua, ili wasichoke kuchonga zaidi. Iwe kweli au isiwe, anayesimama chini ya kuba lile haoni shida kuiamini.

Vastupala anastahili kutazamwa kwa karibu na msomaji wa pwani, kwa sababu kabla ya kujenga Abu alikuwa gavana wa Khambhat. Bandari hiyo, ambayo Wareno waliiita Cambaia, ndiyo iliyoleta nguo na shanga kwenye mwambao wetu kwa karne nyingi, na kuchukua pembe za ndovu na dhahabu ya Sofala. Dini ya Kijaini inakataza kuua kiumbe, hivyo waumini wengi walikaa mbali na jembe na upanga, wakashika mizani. Faida ya biashara ikarudi kwenye mahekalu, kwa kuwa kujenga hekalu ni thawabu. Pembe iliyotoka nyuma ya Mombasa na marumaru ya mlima Abu zilipita kwenye vitabu vya hesabu vya watu wa namna moja.

Bandari hizo za Gujarat hazikuwa za dini moja. Bhadreshwar, katika Kutch, pana ziara ya Kiislamu yenye maandishi ya mwaka 1159 au 1160, iliyojengwa kwa ufundi uleule wa mahekalu ya jirani, miaka mingi kabla ya jeshi lolote la Kiislamu kuitawala Gujarat. Mfano mzuri zaidi uko Somnath, mji wa hekalu la Shiva lililoporwa na Mahmud wa Ghazni mwaka 1026. Mwaka 1264 nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz alinunua kiwanja katika mji huohuo akajenga msikiti, kwa ridhaa ya wakubwa wa mji na makuhani wa Shiva. Makubaliano yakachongwa kwenye jiwe kwa Kisanskriti na Kiarabu. Upande wa Kisanskriti unamtaja Mwenyezi Mungu kwa majina ambayo Mhindu yeyote angeyatambua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1269, ulijengwa msikiti wa Fakhr al-Din huko Mogadishu, na ndani yake zimo nakshi za marumaru ambazo mwanahistoria Elizabeth Lambourn amezitambua kuwa kazi ya Gujarat. Hapo ndipo uhusiano unaposhikika kwa mkono. Karakana za Khambhat zilichukua oda kutoka kwa Waislamu wa ng'ambo, zikachonga mihirabu na mawe ya makaburi, zikayapakia jahazini yakiwa tayari. Kaburi la mfanyabiashara tajiri al-Kazeruni, aliyefariki Khambhat mwaka 1333, ni la kazi hiyo. Jiwe la Malik Ibrahim wa Gresik, Java, aliyefariki mwaka 1419, lilitoka palepale. Mteja akiwa Mogadishu au Java, patashi ni moja.

Na patashi hiyo ilijifunza wapi? Hekaluni. Angalia jiwe la kaburi la Khambhat: maandishi ni ya Kiarabu, mazuri kabisa, lakini katikati pana taa inayoning'inia ndani ya kijumba, na mara nyingi migomba miwili imesimama kulia na kushoto. Migomba hupambwa milangoni mwa Wahindu siku za arusi na za ibada. Aliyeichonga hakuhitaji kuamini alichokiandika. Alijua jinsi ya kukata jani la mgomba katika jiwe kwa kina cha ukucha, akalikata.

Mwisho wa karne ya 13 hali ilibadilika. Majeshi ya Alauddin Khalji wa Delhi yaliiteka Gujarat mwaka 1299, Khambhat ikaporwa na mahekalu yakavunjwa. Msikiti wa Ijumaa wa Khambhat wa mwaka 1325 umesimama juu ya nguzo zilizotolewa mahekaluni. Si historia ya kupendeza, na Wahindi wenyewe bado wanagombana juu yake. Lakini karakana za mawe hazikufungwa. Oda za ng'ambo ziliendelea kwa karne nzima baadaye, na Wajaini nao wakarudi kujenga. Hekalu la Ranakpur, la karne ya 15, lilijengwa kwa fedha za mfanyabiashara Dharna Shah, na linahesabiwa kuwa na nguzo 1,444.

Ufundi wa mawe hayo unafaa kulinganishwa na wa kwetu. Mjenzi wa hekalu hakutumia tao la kweli. Aliweka jiwe juu ya jiwe, kila safu ikijitokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, hadi safu zikakutana juu na kuwa kuba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa jiwe la boriti, ndiyo maana ndani ya hekalu nguzo ni nyingi kiasi kile. Mwashi wa pwani alifungwa na sheria ya namna hiyohiyo, ila boriti yake ilikuwa mkoko. Miti ya mikoko, kama hii ya ghuba ya Gazi, haitoi boriti madhubuti ya kupita mita tatu hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni vyembamba na virefu, iwe Lamu, Gede au Wasini. Wajenzi wa hekalu la Jua la Konark, karne ya 13, walijaribu kukwepa sheria hiyo kwa kutumia boriti za chuma. Chuma kinashika kutu, kinavimba, kinapasua jiwe. Sehemu kubwa ya wajenzi wa Gujarat walikikataa, na warithi wao wanakikataa hadi leo.

Kuna jambo jingine la mkono. Mahekalu ya Wahoysala huko Karnataka, kama lile la Belur la mwaka 1117, yamechongwa kwa nakshi za ajabu, shanga za shingoni zikiwa na uwazi kati ya shanga na kifua cha sanamu. Siri ni jiwe lenyewe, aina ya jiwe la sabuni ambalo ni laini likitoka machimboni na hugumu likipigwa na hewa. Mafundi wa Kiswahili walilijua jambo hilohilo kwa matumbawe laini: yalikatwa baharini yakiwa hai, yakachongwa yangali na maji, halafu yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Mihirabu ya misikiti ya kale imechongwa hivyo. Hapa hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni mafundi wawili waliogundua, mbali mbali, kwamba kuna saa ya kuchonga na saa hiyo haikai.

Sanamu nazo zilifika pwani, ingawa kwa uchache. Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia waliokuwa na Mark Horton walifukua simba mdogo wa shaba wa karibu mwaka 1100, mwenye umbo la vitu vya ibada vya Bara Hindi. Hekalu lenyewe, hata hivyo, halikuja. Kujenga hekalu kulitaka kuhani wa kukaa, mfalme au tajiri wa kulilisha, na familia za waumini. Mabaniani waliofanya biashara pwani walikuja na msimu wa kaskazi na kuondoka na wa kusi, wakiwaacha wake zao nyumbani, na wengi wa tabaka za juu waliona kuvuka bahari kuwa unajisi wa kusafishwa baadaye.

Uchache huo wa alama za Kihindu ndio uliomponza Vasco da Gama. Aprili 1498, Malindi, Wareno waliwakuta wenye merikebu wa Kihindi, wakawaonyesha picha ya Mariamu. Wahindi wakasujudu. Wareno wakasikia wakilitamka jina la Kristo, na wanahistoria wengi wanaona kwamba lililotamkwa ni Krishna. Walielezwa pia kwamba watu hawa hawali nyama ya ng'ombe, na hilo nalo halikuwashtua. Mwezi mmoja baadaye, huko Calicut, wakaingia hekaluni wakidhani ni kanisa na wakapiga magoti, ijapokuwa watakatifu waliochorwa ukutani walikuwa na meno yaliyotokeza na mikono minne au mitano. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alipata wasiwasi akanong'ona kuwa kama huyu ni shetani, yeye sala yake anaielekeza kwa Mungu wa kweli. Da Gama akatabasamu.

Hekalu lenye waumini wa kukaa lilisubiri karne ya 19 na ya 20. Kwanza walikuja Mabhatia, wafanyabiashara wa Kihindu wa Kutch. Kampuni ya Jairam Shivji, mtu wa Mundra, ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kuanzia miaka ya 1830, na wakala wake Ladha Damji akawa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote Zanzibar, bandari za mwambao zikimhesabia yeye. Halafu ikaja reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, iliyoleta vibarua wa Kihindi wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab. Wakati huohuo ukame na njaa kuu ya 1899 hadi 1900 iliwasukuma wakulima Wajaini wa vijiji vya Jamnagar, Waoshwal, kupanda majahazi ya Mombasa. Walianza na duka la mtaani, wakaja kuwa na viwanda.

Wao na Wajaini wenzao ndio waliokijua kile kilichoachwa nyuma, kwa sababu Jamnagar iko siku chache za safari kutoka mlima wa Shatrunjaya, Palitana, wenye mamia ya mahekalu juu yake. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wa Kenya, hekalu la Wajaini lilifunguliwa Langoni, Mombasa, la marumaru nyeupe na mnara wa kimapokeo, nalo hutajwa kuwa la kwanza la aina yake nje ya Bara Hindi. Wapita njia wa Mji wa Kale wanaliona kila siku, minara ya misikiti upande huu na shikhara upande ule. Kitu cha kustaajabisha ni jinsi linavyofuata kanuni za karne ya 11: mlango wenye fremu ya mistari, ukumbi wa nguzo, chumba cha ndani, na juu yake mlima wa jiwe.

Nairobi ilipata lake la mawe mwaka 1999, hekalu la Kihindu la Swaminarayan kwenye Forest Road, ambayo sasa ni Barabara ya Profesa Wangari Maathai. Lilihitaji takriban tani 350 za jiwe la manjano la Jaisalmer, Rajasthan. Jiwe halikuchongwa Nairobi. Mafundi walilichonga kwao, kipande kwa kipande, kila kimoja kikapakiwa na kupitishwa bandari ya Mombasa hadi kwenye kiwanja, kikapandishwa mahali pake kama mkaguzi alivyosoma kwenye mchoro. Mzigo wa marumaru ulioshuka Mogadishu karne ya 13 ulitengenezwa kwa mpango huohuo: oda inatoka Afrika, patashi inabaki Gujarat au Rajasthan, na kazi inasafiri ikiwa imekwisha. Mafundi wa sasa wengi wao huongozwa na familia za Sompura, ukoo wa wajenzi wa mahekalu ambao mmoja wao, Prabhashankar Sompura, ndiye aliyechora Somnath mpya baada ya uhuru wa India, palepale ambapo nahodha wa Hormuz alinunua kiwanja chake mwaka 1264.